Skrini Nyeusi Baada ya Kuflashi BIOS Huria: Wapi pa Kuanzia



Wengi wenu mnaifahamu habari ya laptopu kumi na moja tulizopewa na parokia rafiki ya ng'ambo. Ni ThinkPad X200 na T400, mashine za mwaka 2008, nzito kidogo, zenye kibodi nzuri kuliko nyingi za leo, na bado zinafaa kabisa kwa kuandikia tasnifu. Zilikuwa na kasoro moja: ofisi iliyozitumia zamani iliweka nywila ya msimamizi kwenye BIOS, na aliyeijua nywila hiyo alikwisha kustaafu. Mashine iliwaka, lakini haikukubali kuanzia kwenye flashi wala kubadilishiwa mpangilio wowote. Barua ya zawadi ilikuwa na namba za mashine zote, hivyo Padre Gombera hakuwa na shaka juu ya uhalali wa kuzifungua. Tunalisema hili mapema kwa sababu njia tunayoieleza inaweza kufungua pia mashine ya wizi. Ukiletewa laptopu na mtu asiye na barua wala maelezo, iache.

Tuliondoa BIOS ya kiwandani na kuweka Libreboot mahali pake. Libreboot ni programu huria: chanzo chake kiko wazi, haina habari na nywila ya zamani, na inatolewa bure. Kati ya mashine kumi na moja, saba ziliwaka bila shida. Nne zilitusumbua, na zote nne zilitusumbua mahali pamoja, yaani kwenye kioo. Mojawapo ilikuwa ya frateri wa mwaka wa tatu wa falsafa, na tasnifu yake yote ilikuwa ndani, zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya siku ya kukabidhi.

Tangu hapo tumepata maswali kutoka nyumba nyingine za malezi zenye mashine za aina hiyohiyo. Makala haya yanajibu maswali hayo kwa pamoja.

Kinachotokea kabla ya picha

Unapobonyeza kitufe cha kuwashia, prosesa huanza kusoma maagizo kutoka kwenye chipu ndogo iliyoko juu ya mazabodi. Katika X200 chipu hiyo huwa na miguu minane (MB 4) au kumi na sita (MB 8), na ndani yake ndimo ilimo BIOS. Wakati huo RAM bado imelala, na prosesa hutumia akiba yake ya ndani kama ubao mdogo wa kuandikia. Kazi kubwa ya kwanza ni kuiamsha RAM: kuuliza kila kadi ni ya aina gani, ina ukubwa gani, inakwenda kwa kasi gani, kisha kuipima mpaka isome na kuandika bila kosa. RAM ikikubali, ndipo vifaa vingine vinaamshwa, na picha ni mojawapo, karibu na mwisho wa foleni. Baada ya hapo kazi hukabidhiwa GRUB au SeaBIOS, na hizo ndizo zinazouita mfumo endeshi kutoka kwenye diski.

Hapo utaona kwa nini kioo cheusi si ushahidi wa kioo kibovu. Kinasema tu kwamba hatujafika kwenye picha, au tumefika na picha haikutoka. Fundi anayekimbilia kununua kioo kipya kwa sababu hii anaweza kupoteza fedha za parokia bure.

Inasaidia pia kujua asili ya kitu hiki. Libreboot imejengwa juu ya mradi uitwao coreboot, ulioanza mwaka 1999 katika maabara ya Los Alamos huko Marekani chini ya Ron Minnich, wakati huo ukiitwa LinuxBIOS. Jina la sasa lilikuja mwaka 2008. Kule walikuwa na kundi kubwa la kompyuta zilizofanya kazi kwa pamoja, na hawakutaka mtu alazimike kuiendea kila moja na kibodi na skrini ili kuiwasha. Kwa maneno mengine, programu hii ilizaliwa kwa ajili ya kompyuta zisizo na kioo. Kazi ya kuonyesha picha kwenye laptopu ilikuja kuongezwa baadaye, na si ajabu kwamba hapo ndipo matatizo mengi hujitokeza.

BIOS ya kiwandani huiamsha picha kwa kutumia kipande cha programu kilichofungwa, kiitwacho VGA BIOS, ambacho mtengenezaji wa chipu ya picha hakitolei chanzo. Libreboot kwenye X200 na T400 haitumii kipande hicho. Inatumia libgfxinit, iliyoanzia katika kampuni ya Ujerumani iitwayo secunet na kuandikwa kwa SPARK, tawi la lugha ya Ada linalomwezesha mwandishi kuthibitisha kihesabu kwamba programu haitaangukia makosa fulani ikiwa inaendeshwa. Ni kazi safi sana. Lakini libgfxinit haina orodha ya siri ya vioo vyote. Inamwuliza kioo mwenyewe: wewe ni nani, una pikseli ngapi, unataka mapigo ya kasi gani? Kioo hujibu kwa kipande cha data cha baiti 128 kiitwacho EDID. Jibu lisipofika, au likifika limeharibika, hakuna picha.

Mashine imekufa, au imefumba macho tu?

Hili ndilo swali la kwanza, na halihitaji bisibisi. Washa mashine, subiri dakika moja kamili, kisha bonyeza Caps Lock mara kadhaa. Kataa ya Caps Lock ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mashine iko hai na inakusikia. Tazama pia kataa ka diski: kikimetameta kwa muda kisha kutulia, kuna mfumo unaopakiwa. Kama kwenye diski kuna Linux iliyokwisha kuunganishwa na mtandao wa nyumba, jaribu kuiita kwa ping kutoka kompyuta nyingine. Mashine yetu moja ilijibu ping vizuri ikiwa nyeusi kama makaa.

Ikiwa haijibu kitu chochote, acha kuhangaika na kioo. Rudi nyuma kwenye RAM, au kwenye faili uliloandika katika chipu.

Tuanze na faili, maana linaisha haraka. Je, uliandika faili la ukubwa unaolingana na chipu? Faili la MB 8 haliingii kwenye chipu ya MB 4. Je, programu ya kuflashi ilimaliza kwa kusema VERIFIED? Je, kabla ya kuandika ulisoma chipu mara mbili au tatu na kulinganisha nakala kwa sha512sum, zikawa sawasawa? Kama nakala zilitofautiana, klipu haikukaa vizuri, na hata ulichoandika hakiaminiki. Toa chaja na betri, safisha miguu ya chipu, bana tena. Angalia pia kifaa chenyewe cha kuflashia: ile bodi nyeusi ya CH341A inayouzwa kwa bei nafuu kila mahali hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data, wakati chipu inataka 3.3. Wapo walioitumia bila madhara. Sisi tulitumia Raspberry Pi na hatujutii.

RAM, na kosa letu wenyewe

Mashine ya yule frateri ilikuwa hivi: taa ya umeme inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi, Caps Lock haiitikii. Tulisoma chipu tena, faili lilikuwa sahihi herufi kwa herufi. Tuliandika upya, hali ileile. Tulikaa nayo jioni mbili, mpaka kengele ya Sala ya Mwisho ilipotukuta bado tumeinama mezani, na frateri mwenyewe amesimama mlangoni bila kusema neno. Kimya chake kilitusumbua kuliko kama angelalamika.

Kosa lilikuwa hili. Siku tuliyoifungua ili kuflashi, tuliona ni vema tuiongezee RAM palepale, kwa kuwa ilikuwa wazi tayari. Tulichukua kadi ya GB 4 iliyokuwa kwenye droo. Yaani tulibadilisha vitu viwili kwa siku moja, kisha tukalaumu kimoja.

X200 na T400 hutumia DDR3 za aina ya SO-DIMM, PC3-8500, na chipu zao za GM45 huchagua sana. Kadi ya GB 4 inatakiwa iwe imeandikwa 2Rx8 kwenye lebo, maana yake GB hizo zimegawanywa katika chipu kumi na sita ndogo. Kadi mpya zaidi huwa 1Rx8: chipu nane tu, kila moja ikiwa na ujazo mara mbili. Kwa macho zinafanana, zinaingia kwenye nafasi ileile bila kulazimishwa, lakini GM45 haiwezi kuzihesabu. RAM ikikataa, safari inakwama hapo, na picha haifikiwi kamwe. Tulitoa kadi ile, tukarudisha kadi ya awali ya GB 2 peke yake kwenye nafasi ya kwanza, na ndani ya sekunde chache menyu ya GRUB ikatokea.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote kwenye mashine iliyokufa kabisa: acha kadi moja tu, ile iliyokuja nayo. Ijaribu kwenye nafasi ya kwanza, kisha ya pili. Usichanganye kadi za aina mbili mpaka mashine iwe imewaka kwanza.

Kuhusu tasnifu, tueleze kitu ambacho kingempunguzia frateri wetu usiku mmoja wa wasiwasi. Kuflashi BIOS hakugusi diski. Faili zake zilikuwa salama muda wote. Tulichotakiwa kufanya, na hatukufanya, ni kunakili kazi yake kwenye flashi kabla ya kuanza, kwa sababu diski yake ilikuwa na Windows ya zamani, na Windows haitegemewi kuwaka chini ya Libreboot kwenye mashine hizi bila ile VGA BIOS iliyofungwa. Mashine ilipofufuka, GRUB ilikuwepo lakini Windows haikufunguka. Tulichomoa diski, tukaiweka kwenye kasha la USB, na kuisoma kutoka kompyuta nyingine. Anayekusudia kuflashi laptopu ya mtu anayeandika tasnifu, aanze na hatua hiyo.

Kebo ya kioo

T400 ina shida ambayo X200 haina. Kwenye X200 chipu ya BIOS iko chini ya sehemu ya kuwekea viganja: unatoa kibodi na kifuniko hicho, unaifikia. Kwenye T400 imefichwa chini ya fremu ya chuma, na kuifikia ni lazima uitoe mazabodi yote, ikiwa ni pamoja na kuchomoa kebo inayokwenda kwenye kioo. Basi ukiona T400 imewaka, Caps Lock inaitikia, lakini kioo ni cheusi au kina mistari ya wima ya rangirangi, shuku mkono wako kabla ya kushuku programu. Toa betri, fungua, chomoa kebo, irudishe ikiwa imenyooka, bonyeza pande zote mbili.

Tunasisitiza kutoa betri. Waya wa umeme wa taa ya kioo unapita kwenye kebo hiyohiyo, na kwenye mazabodi kuna fyuzi ndogo sana ya kuilinda. Ukichomeka kebo wakati betri ipo, fyuzi hiyo inaweza kukatika, nawe utakuwa umejiongezea tatizo jingine ambalo hakuna kuflashi kutakakolitibu.

T400 nyingine zina chipu mbili za picha, ya Intel na ya ATI. Libreboot huiacha ATI ikiwa imezimwa na kutumia Intel peke yake. Huo si ubovu; usiitafute ile ATI kwenye orodha ya vifaa ukadhani imeungua.

Tochi

Kuna weusi wa aina mbili, na tochi ya simu inautofautisha. Zima taa ya chumba, elekeza tochi kwenye kioo kwa mshazari, tazama kwa karibu. Ukiona maandishi hafifu, picha ipo, ila taa ya nyuma ya kioo haiwaki. Usipoona chochote, picha haipo.

Picha ikiwepo na taa ikiwa imezimika, jaribu kwanza lililo rahisi: Fn na Home, mara nyingi mfululizo, ili kuongeza mwanga. Inatokea kwamba mwanga ulikuwa umeshushwa hadi chini kabisa. Linux ikiwa imeshapakiwa, unaweza kutazama folda ya /sys/class/backlight na kuandika namba kubwa zaidi kwenye faili la brightness. Isiposaidia, ndipo uifikirie ile fyuzi, au taa yenyewe, kwa maana vioo vingi vya wakati ule vilitumia mrija mwembamba kama wa tubelaiti, nao huzeeka.

Picha isipokuwepo lakini mashine ikawa hai, swali linahamia kwenye EDID. Vioo vilivyobadilishwa na fundi wa mtaani mara nyingine huja na EDID tupu au yenye kasoro. BIOS ya kiwandani ilikuwa na majedwali yake ya akiba, hivyo mwenye mashine hakuwahi kujua kwamba kioo chake ni bubu. libgfxinit inategemea jibu la kioo, na hapo ububu hujulikana. Ili kuhakikisha, unganisha skrini ya nje kwenye tundu la VGA, subiri Linux ipande, kisha soma faili la edid lililo kwenye folda ya LVDS chini ya /sys/class/drm. Faili likiwa tupu, kioo hakikujibu. Likiwa na data, programu ya edid-decode itakuambia kama jumla ya baiti inakubali. Chomoa skrini ya nje au projekta unaporudia jaribio, maana picha inaweza kuelekezwa huko nawe ukabaki unatazama kioo cheusi bila sababu.

Mlio wa mbu

Hili lilikuwa tatizo la X200 ya tatu, nasi tulichelewa kulielewa kwa sababu kioo kilikuwa kinaonyesha vizuri. Walioitumia walilalamika kuumwa kichwa, na kwamba maktaba ikiwa kimya wanasikia mlio mwembamba kama wa mbu. Wazee wetu wawili hawakuusikia kabisa, vijana wote waliusikia.

Mwanga wa kioo haupunguzwi kwa kupunguza umeme. Unapunguzwa kwa kuwasha na kuzima taa haraka mno, mamia ya mara kwa sekunde. Taa ikiwa imewaka nusu ya muda, jicho linaona nusu ya mwanga. Kasi ya kuwasha na kuzima ndiyo yenye kuleta shida. Kasi inayofaa taa ya mrija si lazima ifae taa za LED. Ikiwa ya chini mno, macho huhisi kumetameta, na isipopatana na kifaa kinachoendesha taa, kifaa hicho hulia.

Coreboot ina jedwali la kasi kwa majina ya vioo, nayo husoma jina hilo kutoka kwenye EDID. Kioo ambacho hakimo kwenye jedwali hupewa kasi ya kawaida. Cha kwetu hakikuwemo.

Marekebisho yanafanyika kwenye rejista ya chipu ya picha iitwayo BLC_PWM_CTL, yenye anwani 0x61254. Pakiti ya intel-gpu-tools ina amri ya kuisoma na kuiandika, intel_reg. Namba utakayoiona ina sehemu mbili. Tarakimu nne za kushoto ni urefu wa mzunguko mmoja wa kuwasha na kuzima. Ukiipunguza, kasi inaongezeka. Tarakimu nne za kulia ni sehemu ya mzunguko ambayo taa inakuwa imewaka. Zikilingana na za kushoto, mwanga ni kamili, na hazitakiwi kuzizidi. Sisi tulisoma namba iliyokuwepo, tukaiandika kwenye karatasi, kisha tukapunguza pande zote mbili kwa uwiano uleule, hatua ndogondogo, tukisikiliza baada ya kila hatua, hadi mlio ukaisha. Thamani hiyo hupotea mashine ikizimwa, hivyo tuliweka amri kwenye orodha ya mambo yanayoendeshwa Linux inapoanza. Njia bora zaidi ni kuongeza kioo chako kwenye jedwali la coreboot na kutengeneza faili jipya. Hiyo tumeiacha kwa likizo ndefu.

Kwa nini tusitaje namba yetu? Kwa sababu ni ya kioo chetu. Ukiiga bila kusoma yako kwanza unaweza kupata giza.

Picha iliyovurugika wakati wa kusimika Linux

Mashine ya nne iliwaka vizuri, GRUB ikaonekana, lakini tulipoanza kusimika Debian kutoka kwenye flashi, kioo kikajaa vipande vya rangi visivyosomeka. Tulidhani chipu ya picha imekufa. Haikufa.

Mafaili ya Libreboot yapo ya namna mbili. Yenye neno corebootfb kwenye jina huonyesha picha kamili ya pikseli. Yenye txtmode huonyesha maandishi tu kwa mtindo wa zamani. Ukiwa na txtmode, programu ya kusimika Debian hujaribu kugeuza kioo kwenda hali ya picha kwa kumwomba VGA BIOS, ambaye hayupo. Matokeo yake ni yale mauzauza. Dawa: kwenye menyu ya GRUB bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na linux, futa vga=788 ikiwepo, ongeza vga=normal fb=false, kisha bonyeza Ctrl na x. Usimikaji utaendelea kwa maandishi, na ukimaliza Linux yenyewe itaonyesha picha kama kawaida kwa kutumia kiendeshi chake.

Kinyume chake kipo pia. Programu za zamani zinazotaka hali ya maandishi, kama matoleo ya awali ya Memtest86+, huonyesha weusi mtupu chini ya corebootfb. Ukitaka kupima RAM kwa matoleo hayo, tumia faili la txtmode.

Weusi unaokuja baadaye

Kama GRUB inaonekana na weusi unaanza pale Linux inapopakiwa, BIOS yako imemaliza kazi yake. Tatizo ni makabidhiano. Kiendeshi cha Intel, i915, hutafuta jedwali liitwalo VBT ili kujua kioo kimeunganishwaje. Lisipokuwepo, kitaandika kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba kimeshindwa kulipata na kuendelea kwa kubahatisha. Ongeza nomodeset kwenye mstari ule wa linux. Ukipata picha, ingawa ya polepole, umethibitisha kwamba shida iko kwa kiendeshi. Jaribu toleo jipya zaidi la Linux au faili jipya zaidi la Libreboot. Usiiache nomodeset humo daima, maana mashine itakuwa nzito na mwanga wa kioo hautarekebishika vizuri.

Kwa kuchunguza yaliyotokea kabla ya Linux, coreboot huhifadhi maelezo yake kwenye RAM, na amri ya cbmem -c huyaonyesha. Linux inapokataa kuyasoma, iwashe tena ukiwa umeongeza iomem=relaxed. Humo utaona kama EDID ilisomwa, na jina la kioo.

Walio na X230 ya mwaka 2012 wametuuliza kwa nini mashine yao hufanya kazi vizuri kisha hujizima ghafla baada ya nusu saa. Hilo si tatizo la kioo hata kidogo. Mashine za kizazi hicho zina kichakataji kidogo cha usimamizi cha Intel, ME, ambacho programu yake ikikosekana au ikiharibika wakati wa kuflashi, mashine hujizima baada ya dakika 30. Kwenye X200 na T400 sehemu hiyo inaweza kuondolewa yote. Kwenye X230 lazima kibaki angalau kipande chake. Tena, X230 ikiwashwa mara ya kwanza baada ya kuflashiwa huchukua sekunde kadhaa zaidi ikiipima RAM, basi usiizime kwa haraka.

Yote yakishindikana, rudisha nakala ya BIOS ya kiwandani uliyoisoma kabla ya kuanza. Kioo kikiwaka nayo, vifaa ni vizima na kazi ni ya programu. Kisipowaka hata nayo, kuna kitu kimeguswa au kimevunjika mkononi mwako. Hakuna jaribio linalojibu mengi kwa wakati mfupi kama hilo, na asiye na nakala hawezi kulifanya. Nakala zetu kumi na moja ziko kwenye diski mbili, moja maabara na nyingine kwa Padre Mhasibu, na chini ya kila laptopu tumebandika karatasi: ukubwa wa chipu, jina la faili lililomo, RAM iliyomo, jina la kioo. Ile ya mlio wa mbu ina namba mbili zaidi. Frateri alikabidhi tasnifu yake siku mbili kabla ya mwisho, akiwa ameiandika sura ya nne upya kwenye mashine ileile, yenye GB 2 tu za RAM.